Kuku wa Raheli

Ukiuliza pale Mungaa, watu watakuambia kwamba Scholastika hakuwa mtu wa wivu. Wanasema kweli, ila wanasahau kuongeza kwamba kwa miaka mingi hakuwa na wa kumwonea. Ng'ombe alikuwa nao. Mume alikuwa naye, Simoni, mtu mpole aliyezoea kukaa nyuma ya maneno ya mkewe. Alikuwa na mtoto, Derick, dereva wa lori, ambaye kwa jina lake watu wote walimwita yeye Mama Derick. Na juu ya hayo yote alikuwa na sauti. Mtu wa namna hiyo amwonee nani wivu?

Sauti yenyewe ilijulikana kwa sababu ya uwele. Mungaa uwele haupurwi kimya. Wanawake husimama pande mbili za kiwanja, fimbo mikononi, masuke katikati. Mmoja huimbisha, wengine huitikia, na fimbo hushuka pale pale mwitikio unapoangukia. Mwimbishaji ana ruhusa ya kumtania yeyote: mvivu, mchoyo, mwenye mume mlevi. Anayetaniwa hakasiriki, maana kiwanjani hakuna kesi. Lakini kubwa kuliko yote ni hili: mwitikiaji hasubiri kufikiri. Analidaka neno la mwisho la mwimbishaji na kulirudisha kama lilivyo, hata kama hajalielewa. Akingoja kuelewa, fimbo yake inachelewa, inagongana na ya mwenzake, na kazi inaharibika.

Mwimbishaji wa Mungaa alikuwa Scholastika. Mwitikiaji wake mkuu alikuwa Raheli, jirani yake, nyumba zao zimetenganishwa na shamba la alizeti. Sauti ya Raheli ilikuwa ya kawaida tu, ya kuitia mbuzi. Ila alimjua Scholastika kiasi kwamba aliitikia kabla mstari haujaisha. Wengine walimfuata yeye, na hivyo kiwanja kizima kilikwenda pamoja.

Walijuana kwa mengine pia. Mume wa Raheli, Clement, alikwenda Manyoni kufanya biashara karibu na stesheni, akaoa huko, asirudi. Siku moja, wakibangua karanga barazani, Raheli alimwambia Scholastika jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kila jioni bado alikuwa anampakulia Clement ugali wake na mlenda. Anaufunika kwa sahani, anauweka juu ya kigoda, kisha asubuhi anawamwagia kuku.

"Usinicheke, Mama Derick," alisema.

"Sikucheki," alisema Scholastika, na kweli hakucheka.

Kuku wa Raheli walikuwa wanono kuliko wote kijijini. Wanawake walipomuuliza anawalisha nini, alijibu kwamba kila kiumbe na riziki yake. Scholastika aliposikia jibu hilo aliangalia pembeni, na siri ikabaki palepale ilipokuwa.

Basi wakaja wageni. Shirika moja la utamaduni la Singida mjini lilikuwa limeungana na vyuo vikuu viwili, kimoja cha hapa nchini na kingine cha Norwei, watengeneze mchezo wa kuigiza wa kisasa. Msichana wa shirika, Anastasia, ndiye aliyewaleta mpaka kwenye kikundi cha ngoma cha wanawake wa Mungaa, kikundi chenye jina la Upendo. Aliyekuja naye kutoka chuoni alikuwa Dakta Philipo, Mnyiramba asiyejua Kinyaturu cha pale, kijana bado kwa daktari, aliyewapa wanawake wote shikamoo mmoja mmoja. Wa tatu alikuwa mwongozaji wa mchezo, mama wa Kinorwei mwenye mvi fupi, jina lake Marit.

Dakta Philipo aliwaeleza vizuri. Mchezo utahusu wanawake wanaobaki nyumbani wanaume wakiondoka. Wanafunzi wa vyuo vyote viwili wataigiza pamoja na kikundi. Utaonyeshwa kwanza Singida mjini, kisha utapelekwa Norwei. Kikundi kizima hakitaweza kusafiri, lakini mwanamke mmoja kati yao atakaa katikati ya mchezo, na huyo lazima aende.

Scholastika hakungoja kuambiwa ni nani. Jioni ile alimuuliza Simoni kama baridi ya Norwei ni ya kujifunika shuka mbili au tatu.

Mazoezi yalifanyika kwenye ukumbi wa shule. Siku ya kwanza Marit aliomba, Dakta akitafsiri, kila mmoja aonyeshe jambo moja analolifanya nyumbani kila siku. Ila asiseme neno. Scholastika aliona sharti hilo ni la ajabu. Unamwita mwimbaji halafu unamfunga mdomo? Lakini alisimama, akamkamua ng'ombe mwenye kupiga teke. Akarushwa, akarudi, akapigwa mkia usoni, akamwaga maziwa, akamtazama ng'ombe kwa hasira za mtu aliyeonewa. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Marit naye alicheka. Scholastika alirudi kukaa akijua kazi imekwisha.

Kisha akasimama Raheli. Alipiga magoti. Akasonga ugali usiokuwepo kwenye sufuria isiyokuwepo. Akapakua, akasawazisha juu kwa mwiko uliolowanishwa maji, akafunika, akanyanyuka, akauweka mahali. Akatazama mlangoni. Hakutazama kwa muda mrefu. Akarudi kukaa kati ya wenzake na kuvuta khanga yake magotini.

Ukumbini hakukuwa na kicheko. Marit alivua miwani na kuifuta kwa ncha ya blauzi yake, na alipoivaa tena macho yake yalikuwa mekundu. Hakuna aliyejua kwamba Raheli hakuwa ameigiza, isipokuwa Scholastika. Kesho yake Dakta Philipo alitangaza kwamba Raheli ndiye atakayekaa katikati.

Wivu ulimwingia Scholastika pale pale aliposimama, akaujua kuwa ni wivu, wala hakujaribu kuupa jina lingine. Alipiga makofi na wenzake. Viganja vilimwuma, maana alipiga kwa nguvu kuliko wote.

"Yule haigizi," alimwambia Simoni nyumbani. "Yule anapakua chakula. Kuna mwanamke gani asiyejua kupakua chakula?"

"Mbona ulisema wamechagua kikundi chote?"

"Mimi naimba, yeye anapakua. Sasa wewe hapo, ungemwangalia nani?"

Simoni alifikiri kwa uaminifu. "Nikiwa na njaa?" aliuliza.

Jioni hiyo Simoni alijipakulia mwenyewe.

Wiki zilizofuata zilikuwa chungu. Wanafunzi walimzunguka Raheli kuanzia asubuhi. Msichana mmoja wa Kinorwei, mrefu kama mlingoti wa bendera, alikuwa anajifunza kupiga magoti kama Raheli, akishindwa na kucheka na kurudia. Kijana wa chuo cha hapa nchini alimpiga picha mikono. Mikono tu! Scholastika alitazama mikono yake mwenyewe akitafuta ilipopungukiwa. Yeye aliwekwa pembeni ya jukwaa na wenzake watano, wapure uwele na kuimba huku Raheli akipakua katikati. Siku moja Dakta Philipo alimjia kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama Derick, tunaomba hapo uimbe chini kidogo. Sauti yako inamfunika Mama Raheli."

Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwambia apunguze sauti. Alisema sawa. Akapunguza, na kila alipopunguza alihisi kama anayekabwa na mtu anayemwomba radhi.

Kijijini nako mambo yakageuka. Watu waliokutana nao njiani wakawa wanamsalimia Raheli kwanza. Mwanamke wa Mgori aliyekuja kwenye msiba, asiyemjua yeyote, alimshika Scholastika mkono na kumuuliza kama ni kweli anakaa jirani na yule mama wa Norwei. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wazee, na Scholastika alitamani methali hiyo ingekufa na aliyeitunga.

Angejivuna, ingekuwa nafuu. Mtu akijivuna unapata pa kumshikia. Lakini Raheli alibaki Raheli. Alikuja kuomba chumvi kama zamani, akarudisha bakuli likiwa na mayai mawili. Mazoezini aliitikia kama zamani, kabla mstari haujaisha. Siku moja wakirudi nyumbani alimwambia, "Naogopa, Mama Derick. Nikiwa pale katikati nakuangalia wewe tu ndipo napata nguvu."

Masikio ya wivu yana usikivu wake. Maneno yaliyomfikia Scholastika yalikuwa "mimi niko katikati, wewe uko pembeni." Alijibu kwamba Mungu atasaidia, akaongeza mwendo.

Ikafika siku ya maonyesho Singida mjini. Ukumbi ulijaa. Walimu wa vyuo walikaa mbele, viongozi wa wilaya nyuma yao, na nyuma kabisa walikaa watu wa Mungaa waliokodi basi zima. Derick naye alikuja, ameegesha lori lake nje, shati limepigwa pasi. Scholastika alimwona tangu mwanzo na moyo wake ukatulia kidogo. Walau mmoja amekuja kwa ajili yangu, alijiambia.

Mchezo ulikwenda vizuri mpaka kwenye kupura. Wanawake wakajipanga, fimbo juu. Raheli alipakua, akafunika, akatazama mlangoni, kisha akainuka na kuchukua fimbo yake kuungana na wenzake, kama ilivyopangwa. Taa ilimfuata. Scholastika alikuwa aimbishe mistari mitatu ya ndege waharibifu waliokula uwele, basi. Akaimba wa kwanza, kwa Kinyaturu, sauti chini kama alivyoagizwa. Wakaitikia. Akaimba wa pili. Akatupa jicho kwa mwanawe.

Derick alikuwa amenyanyua simu anarekodi. Simu ilikuwa imemwelekea Raheli. Taratibu, mwanawe wa kumzaa aliisogeza simu kumfuata Raheli anavyoinua fimbo, na mama yake akabaki nje ya picha.

Ulimi hauna mfupa. Mstari wa tatu ulimtoka Scholastika kwa sauti yake yote, ile ya kiwanjani, ile aliyokatazwa. Haukuwa wa ndege. Aliimba kwamba kuna mwanamke Mungaa, mume yuko Manyoni, ugali wake unapakuliwa kila jioni, na kuku wananenepa.

"Kuku wananenepa!" waliitikia wanawake wote, na fimbo zikashuka.

Sauti ya Raheli ndiyo iliyotangulia. Alikuwa ameshaanza kuitikia kabla mstari haujaisha, kama alivyofanya maisha yake yote. Aliimba aibu yake kwa kinywa chake mwenyewe, kwa furaha, kisha akaisikia.

Wageni hawakujua kitu. Lakini nyuma kule watu wa Mungaa walielewa, na kicheko kilianza kwa wanaume na kusambaa. Kila mtu aliwajua kuku wale. Kila mtu alimjua aliye Manyoni. Na Scholastika, Mungu amsamehe, alikisikia kicheko kile kama mvua ya kwanza. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Akauimba mstari ule ule mara ya pili.

Safari hii Editha aliyekuwa kulia kwake alifumba mdomo. Mama Gervas aliyekuwa kushoto aliiteremsha fimbo ikagusa sakafu. Hakuna aliyeitikia, isipokuwa mmoja.

"Kuku wananenepa," aliimba Raheli peke yake. Sauti yake haikutetemeka. Fimbo yake ilishuka mahali pake hasa, na kicheko cha nyuma kikakatika. Akaendelea na mchezo mpaka mwisho. Alipomaliza, ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi, na Derick alisimama pia, lakini simu alikuwa ameitia mfukoni, wala hakumtazama mama yake.

Nyuma ya jukwaa Marit alikuja mbio, amewashika wote wawili mikono, anaongea haraka. Dakta Philipo alitafsiri huku anatabasamu. Mwongozaji anasema pale ndipo mchezo ulipopata uhai. Anataka ule mstari ubaki, na anataka Mama Derick naye apelekwe Norwei auimbishe. Nafasi itapatikana. Ila anaomba kujua mstari ulikuwa unasema nini.

Fikiria. Kitu alichokililia kwa wiki zote hizo kililetwa na kuwekwa mkononi mwake.

"Ni wimbo wa kuku, Dakta," alisema Raheli.

"Wa kuku?"

"Wa kuku tu."

Dakta Philipo, kwa kuwa alikuwa amelelewa akalelewa vizuri, aliona nyuso za wanawake wale na tabasamu lake likapungua. Alisema kikundi ndicho chenye wimbo, basi kikundi kiamue. Wanawake walitazamana. Mama Gervas, ambaye ndiye mkubwa wao kwa umri, alisema bila ukali wowote, "Sauti ni ya Mama Derick, hilo hatubishi. Lakini kuitikia ni kwetu. Mimi kwenye wimbo ule simwitikii."

"Na wewe, Mama Raheli?" aliuliza Dakta.

"Mimi nitakwenda," alisema Raheli. "Ila kule nitapura kimya."

Marit alipotafsiriwa alisema kimya kitafaa sana. Hakuna aliyemweleza kwamba Mungaa mtu hapuri kimya.

Siku chache baadaye Scholastika alikatiza kwenye alizeti kwenda kwa Raheli. Simoni alikuwa hajamwambia neno, na kutoambiwa huko ndiko kulikomtoa nyumbani. Alimkuta Raheli anasonga ugali, kuku wakipekua miguuni pake.

"Karibu, Mama Derick. Vuta kigoda."

Kigoda kilikuwa ni kile kile. Hakikuwa na sahani juu yake. Scholastika alikikalia na kuhisi kwamba amekaa mahali pa mtu.

"Nilikuonea wivu," alisema. "Nisamehe."

"Nilijua," alisema Raheli, akigeuza mwiko. "Nilidhani utapita. Nimekusamehe."

Akapakua sahani mbili, wakala. Ulipobaki ukoko, Raheli aliukwangua akaula mwenyewe. Alisema siku hizi kuku wanakula pumba, na wanakua tu. Hakusema kitu kingine juu ya Manyoni, na Scholastika hakuuliza. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi, maana alikuwa amekuja kusamehewa na amesamehewa, na akaona kwamba jambo limekwisha.

Raheli alikwenda Norwei, akarudi. Alimletea Scholastika soksi za sufu nzito, na Scholastika alizivaa asubuhi za upepo huku akiwa na kijiwivu kidogo kilichobaki, cha kujiuliza huyu alizinunua wapi, kwenye duka la namna gani, akiwa amefuatana na nani. Aliweza kuishi na hicho. Alichokuwa anakingoja ni uwele ukauke.

Ukakauka. Wakakusanyika kiwanjani kwa Mama Gervas, pande mbili, fimbo mikononi, masuke katikati. Raheli alisimama mahali pake pa siku zote, mkabala na Scholastika. Hakuna aliyemnyima mtu nafasi yake. Mama Gervas mwenyewe ndiye aliyesema, "Haya, Mama Derick, tuanzishie."

Scholastika alichagua mstari salama kuliko yote anayoijua, wa mvua iliyokuja kwa wakati. Aliuimba kwa sauti yake yote, na sauti ilikuwa nzuri vilevile, labda nzuri kuliko zamani, maana alikuwa ameikosa. Akafika kwenye neno la mwisho, akinyanyua fimbo, akingoja Raheli amdake kabla hajamaliza.

Raheli alikuwa amemkazia macho, fimbo juu, uso wa upole. Alikuwa anasikiliza. Wanawake wote walikuwa wanasikiliza. Waliusikiliza mstari mpaka ukaisha, wakauona kuwa ni wa mvua, ndipo wakaitikia, vizuri tu, pamoja. Lakini fimbo ya Scholastika ilikuwa imeshashuka peke yake.

Akaimba wa pili. Wakaungoja uishe.